Msiniulize nani ameshikwa, niulizeni faili iko wapi

Haya maneno niliyasema Jumamosi jioni kwa ukumbi wa Kaloleni, ule wa zamani ambao wazee walikuwa wanauita bunge. Vijana wa mtaa ndio waliniita, halafu mvua ikanyesha na wengi wakafika nishamaliza, kwa hivyo wameniomba niyaandike. Nimeyaandika vile nilivyoongea, ni ile tu sehemu maikrofoni ilizima ndio nimeruka.

Habari zenu wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mmesimama huko karibu na mlango kama watu wanataka kutoroka.

Mwenyekiti amenitambulisha hapa ati mtaalamu wa ufisadi na mkacheka, na mko na haki, kwa sababu Nairobi hii ukiitwa mtaalamu wa ufisadi watu wanataka kujua kwanza kama ni wa kula ama ni wa kushika. Mimi si wa kula na si wa kushika. Nilikuwa karani wa stoo ya serikali miaka 27 mpaka nikastaafu, kazi yangu ilikuwa kuhesabu mzigo na kujaza fomu. Mzigo ukiingia unajaza S13, ukitoka unajaza S11, basi. Hizo fomu mbili ndizo zimenisomeshea watoto na ndizo zimenipa presha.

Sasa mmeniuliza EACC, hii tume ya serikali ya maadili na kupambana na ufisadi, inafanya kazi gani hasa, na najua hilo swali limeulizwa kwa hasira, si ati mnataka kujua. Mnataka niseme haifanyi kitu niketi chini tukunywe soda. Wacha niwaambie kwanza hadithi ya magodoro.

Mwaka 2009 kulikuja lori kwa stoo yetu na magodoro. Karatasi ya kuleta mzigo ilikuwa inasema 400. Nikahesabu nikapata 160. Nikahesabu tena nikiwa na askari wa geti, 160. Huyo kijana wa kampuni alikuwa na viatu vimeng'ara, hata vumbi ya stoo iliogopa kumshika, akaniambia mathe zingine ziko njiani, wewe jaza tu S13 ya zote ndio mambo ya malipo yaanze kusonga. Akanigusia kwamba mkono mtupu haulambwi. Mkubwa wangu naye akapiga simu, akasema usitusumbue, jaza. Na kuna ile kamati ya kukagua na kupokea mzigo, watu watatu, ambao kisheria wanafaa kuja stoo waone kwa macho. Hao walisaini wakiwa kantini wanakula, mimi ndiye nilipelekewa hiyo karatasi baadaye na nikaona alama ya mchuzi wa sukuma kwa kona, karibu na sahihi ya pili. Mimi nikajaza S13 nikaandika 160. Wiki tatu baadaye nikapata barua ya uhamisho, nikapelekwa stoo nyingine ya matairi mabovu, hata choo haikuwa na mlango. Tutarudi kwa hayo magodoro.

Sasa historia kidogo, na sitawachosha. Kenya haijawahi kukosa sheria ya kuzuia rushwa. Mkoloni alituachia moja ya mwaka 1956. Mwaka 1993 serikali ikaunda kikosi cha polisi cha kupambana na rushwa, 1995 kikavunjwa. Mwaka 1997 ikaundwa KACA, mamlaka ya kupambana na ufisadi, mkurugenzi wa kwanza akiwa John Harun Mwau, na mwaka uliofuata akasimamishwa. Akaja Jaji Aaron Ringera. Halafu Desemba 2000, siku tatu kabla ya Krismasi, Mahakama Kuu ikasema hiyo KACA yenyewe iko kinyume cha katiba, kwa sababu jaji hawezi kuwa mkubwa wa ofisi ya serikali ya kukamata watu, na tena kazi ya kushtaki ilikuwa ya Mwanasheria Mkuu peke yake. Yaani mshtakiwa alienda kortini akatoka ameua ofisi nzima iliyomshtaki! Kukarudishwa tena kitengo cha polisi 2001, halafu 2003 Kibaki akiingia tukapata sheria mpya na tume mpya, KACC, Ringera akarudi, baadaye akaja Profesa Lumumba na maneno yake matamu, mwaka 2011 hata hajaanza kuzoea kiti bunge likapitisha sheria nyingine, KACC ikazikwa na EACC ikazaliwa, hiyo ndiyo tuko nayo hadi leo.

Mimi huwa nawaambia watu hesabu mwenye kuandika vibao vya mlango amepata tenda mara ngapi hapo. Lakini kuna kitu kingine cha maana kuliko kibao. Kila mara ofisi ikivunjwa, faili hazivunjwi, zinabebwa kwa maboksi, na nyinyi mnajua boksi la faili likihama ofisi Nairobi hii linafika likiwa jepesi. Mpelelezi aliyekuwa anajua mambo ya faili amepata kazi kwingine, shahidi amehama, mwingine amekufa, karani mpya hajui ile karatasi ya nyekundu ilikuwa ya nini. Goldenberg ilianza mapema miaka ya tisini, dhahabu na almasi za kuuzwa nje ambazo hata hazikuwepo, serikali ikalipa, na hizo kesi zimezunguka kwa hizo ofisi zote nilizotaja mpaka watoto waliozaliwa wakati huo wakawa na watoto. Anglo Leasing, zile kandarasi hewa za serikali za mambo ya pasipoti na usalama, hivyo hivyo. John Githongo aliyekuwa anafuatilia mambo ya Anglo Leasing akiwa ndani ya Ikulu alikimbilia Uingereza 2005. Kama mtu yuko ndani ya Ikulu anakimbia, karani wa stoo afanye nini?

Haya, turudi kwa EACC ya sasa. Watu wengi wanafikiri EACC inashika mtu, inamshtaki, inamfunga. Hapana. EACC inapeleleza, halafu inaandika ripoti inapeleka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP. Huyo ndiye anaamua kama kuna kesi, ama faili ifungwe, ama irudishwe ifanyiwe kazi zaidi. Faili inaweza kwenda na kurudi hivyo kama mpira wa watoto. Na hata DPP akikubali, akishaenda kortini bado anaweza kuomba kesi iondolewe. Mwaka 2022 baada ya uchaguzi tuliona kesi kadhaa kubwa zikiondolewa, na watu wakaja kwa mitandao wakaanza kutukana EACC, na EACC siyo iliyoziondoa. Sijasema EACC ni malaika, nasema tukanaga mtu kwa kosa lake.

Na hii ya uongozi, hiyo ya uchaguzi, ni hivyo hivyo. Sura ya sita ya katiba mnaijua kwa mdomo. EACC hupeleka majina kwa tume ya uchaguzi, inasema hawa wako na shida ya uadilifu. Mwaka 2022 ilipeleka majina zaidi ya 200. Wengi wao mliwaona kwa karatasi ya kura! Kwa nini? Kwa sababu katiba hiyo hiyo inasema mtu hawezi kufungiwa nje mpaka rufaa zake zote ziishe, na mtu mwenye pesa ya wakili anaweza kukata rufaa mpaka meno yake yaanguke.

Kuna kijana ameuliza hapa, sasa si ni bora wafungwe wote tuanze upya. Kijana wangu, wafungwe na karatasi gani?

Wacha niwaonyeshe vile mtego unafanywa, hiyo nimeieleza mara nyingi na huwa naona macho yenu yanafunguka. Mtu anaenda EACC anasema ofisa fulani anataka elfu kumi ndio anipe huduma. Wanampa kinasa sauti, anaenda anaongea na huyo ofisa, wanasikiliza kama kweli ameitisha. Halafu wanachukua noti, wananakili nambari zake, wanazipaka poda fulani ambayo ukiangalia kwa macho hauoni kitu. Ofisa akishika hizo noti poda inamshika vidole. Wapelelezi wakiingia wanampangusa mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamba, pamba zinapelekwa kwa mkemia wa serikali. Unaona vile ni kazi nzuri? Sasa sikiza vile inaharibika. Ile sauti imenaswa kwa mashini, ikiingizwa kwa diski lazima kuwe na cheti cha kisheria kinachosema nani aliitoa kwa mashini na aliitoa vipi, kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi. Hicho cheti kikikosa, wakili anasimama anasema mheshimiwa hii sauti ni ya nani, na kesi ya miaka minne inaanza kuvuja. Mtu anatoka kortini anapungia kamera mkono, ule ule uliokuwa na poda.

Ndio maana nawaambia mambo ya ufisadi si ya mabunduki na kofia, ni ya karatasi. Siku ya kukamata ni siku ya televisheni. Mtu anatolewa kwa nyumba saa kumi na moja asubuhi, mnaona gari, mnaona majirani kwa geti, mnafurahi mnalala. Halafu hakuna mtu anauliza tena. Hamuulizi faili iko wapi, hamuulizi mali iko wapi, na hayo maswali mawili ndiyo wezi wanaogopa. Kushikwa hawaogopi, wengine hata hurudi kijijini wakipokelewa na nyimbo.

Mali ndiyo inauma. Sheria ya 2003 iko na kifungu cha 55, kinasema ofisa wa umma akiwa na mali ambayo mshahara wake hauwezi kueleza, EACC inaweza kumpeleka kortini aeleze, na akishindwa mali inarudi kwa serikali, hata kama hakuna hakimu amemhukumu wizi. Kulikuwa na mhasibu wa shirika moja la serikali la mambo ya maji, KACC ilianza kumfuatilia 2008, akashindwa kueleza pesa zake, Mahakama Kuu ikamwambia arudishe kama milioni 41, akakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufaa ikasema atarudisha. Miaka kumi na moja jamani. Lakini hiyo hukumu sasa inasomwa na kila wakili, na naambiwa kuna watu walianza kuandikisha nyumba kwa jina la shangazi.

Na nyinyi wa mjini mnapita kila siku pale Loita Street kwa ile hoteli kubwa ya Regency. Ile ilikuwa Grand Regency, ikafungwa na mambo ya Goldenberg, 2008 Kamlesh Pattni, yule mwenye kampuni ya Goldenberg, akaiachia Benki Kuu akiwa amekubaliana na hao kina KACC. Watu tukapiga makofi. Hatujamaliza makofi tukasikia ishauzwa kwa Walibya, bunge likawaka moto na waziri wa fedha akaondoka kwa kiti kwa muda. Yaani hata mali ikirudi inafaa mtu aifuate mpaka mlango wa mwisho, kwa sababu inaweza kurudi ikitoka tena kwa dirisha.

Wacha pia niwape ile ya kuku, halafu nimalize. Kulikuwa na kampuni ya kuchapisha karatasi huko Uingereza, Smith & Ouzman, ilikuwa ikihonga maofisa wetu wa uchaguzi na wa mitihani ndio ipate tenda. Kwa barua zao hiyo hongo walikuwa wanaiita kuku. Kuku! Kama mtu anaitisha chakula kule Kenyatta Market. Korti ya London ikaipata kampuni na hatia mwisho wa 2014, mwaka uliofuata mkubwa mmoja akafungwa miaka mitatu, na sehemu ya pesa ikaja huku ikanunuliwa ambulensi. Ambulensi zilitembea kwa barabara zetu kwa sababu Waingereza walisoma barua zao wenyewe. Mpeanaji alifungwa huko, na mimi nilingoja sana kuona huku kwetu waliokula hao kuku watafanywa nini. Hiyo ndiyo tofauti ya ofisi inayopeleleza na kushtaki chini ya paa moja, kama ile ya kwao, na ofisi yetu ambayo ikimaliza kupika lazima ipeleke sufuria kwa jirani aonje chumvi.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Anasema kazi ikiwa kwa mtu mmoja pia ni hatari, atatumia kutisha maadui. Ni kweli mzee, siwezi kubishana na wewe, nimeona ofisi ikipewa nguvu zote ikageuka fimbo. Lakini angalia Hong Kong. Walikuwa na polisi mmoja mkubwa, Peter Godber, alipatikana na mamilioni hawezi kueleza, 1973 akapita uwanja wa ndege kwa kitambulisho chake cha polisi akaenda Uingereza. Wananchi wakajaa barabarani. Mwaka uliofuata ikaundwa tume yao, ICAC, na hata kule si wao wenye neno la mwisho la kushtaki, lakini ilimfuata akarudishwa 1975 akafungwa. Hiyo tume iko na mikono mitatu, mmoja unapeleleza, mmoja unaingia ofisi kuangalia mianya ya kuibia inazibwa vipi, na mmoja unaenda kwa wananchi kama hivi tumekaa. Na jina lake halijabadilishwa tangu 1974. Hapo ndipo naona wivu. EACC yetu pia iko na hiyo kazi ya kuangalia mianya, inaingia kwa kaunti na mashirika inaandika ripoti nzuri, lakini hiyo haipigwi picha kwa hivyo hamuisikii.

Sasa kitu moja kwa nyinyi mnaofanya kazi kwa ofisi za umma, na najua mko hapa, hata nimeona wawili nilifanya na wao. Sheria ya hongo ya 2016 inasema ukiwa na wadhifa na umejua ama umeshuku hongo, uko na saa 24 kuripoti. Saa 24. Si baada ya kustaafu kama mimi. Lakini siwezi kuwadanganya, mwenye kuripoti bado analala macho wazi. Mswada wa kumlinda mtoa habari umezungushwa miaka na miaka bungeni. Kwa hivyo ukiripoti kuna njia ya mtandao ya EACC ya kuandika bila kujitaja, na dawati lao liko Huduma Centre, na muhimu kuliko yote weka nakala. Nakala, nakala, nakala. Usiende na hasira, enda na karatasi. Nambari ya LPO, yaani ile karatasi ya kuagiza mzigo, tarehe, nambari ya gari lililoleta mzigo, nani alikuwa zamu ya geti. Mpelelezi akipata hiyo siku ya kwanza umempunguzia mwaka mzima.

Ndio nirudi kwa magodoro sasa, mmengoja vya kutosha.

Mwaka 2013 nikiwa kwa stoo ya matairi wakaja watu wawili, mwanaume na msichana mdogo hivi mwenye miwani, wakajitambulisha ni wa EACC. Nikadhani wamekuja kunishika mimi, magoti yakalegea. Msichana akafungua bahasha akanitolea fomu ya kamati, nakala, akaniuliza mama unaijua hii. Nikaangalia kona. Alama ya mchuzi bado ilikuwa hapo, sasa imekuwa nyeusi kwa nakala lakini ilikuwa hapo. Nikamwambia hao watu walikuwa kantini, hawakukanyaga stoo siku hiyo. Akaniuliza unaweza kuthibitisha vipi. Nikaenda kwa kabati yangu nikatoa kitabu cha S13, ile nakala ya chini ambayo hubaki kwa kitabu, 160, na sahihi ya askari wa geti pembeni kwa sababu nilimwambia atie yake pia. Yule msichana akavua miwani akaipangusa akavaa tena.

Mnataka kujua nani alifungwa. Hakuna. Faili ilienda kwa DPP ikarudi, ikaenda tena, mmoja wa ile kamati akafa, na mwishowe kampuni ikakubali kurudisha pesa ya magodoro 240 nje ya korti, sheria inaruhusu hiyo. Nasikia vile mnaguna. Mimi pia niliguna, nilitaka nimuone yule wa viatu kizimbani. Lakini pesa ilirudi, 2016 mwisho wa mwaka, niliambiwa kwa simu na huyo msichana mwenyewe, hakuwa na lazima ya kunipigia. Akaniambia mama ile karatasi yako ya chini ndiyo wakili wao alishindwa nayo.

Niko na kile kitabu? Hapana, walienda nacho, ni ushahidi. Nilibaki na risiti yao ya kuchukua kitabu, na hiyo niko nayo hapa kwa mkoba, mwenye anataka kuiona aje mbele polepole, msisukumane, na huyo mwenye chai asiishike.